Asilimia 40 Siyo Zawadi: Hesabu ya Kikokotoo Kutoka Visiga



Alhamisi ya Juni 13, wakati Waziri wa Fedha Mwigulu Nchemba anasoma bajeti ya 2024/25 kule Dodoma, mimi nilikuwa nyumbani Visiga, barazani kwa jirani yetu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Jina lake siweki, hakuniomba nimtangaze. Redio ilikuwa dirishani, malori yanapita barabara ya Morogoro kama kawaida yao, kila lori likipita tunakosa sentensi mbili tatu za Waziri. Ikafika ile sehemu ya wastaafu: waliokuwa wanapata mkupuo wa asilimia 50 kabla ya mabadiliko, ambao sasa wanapata 33, watapanda hadi 40. Waliokuwa kwenye 25 wakapandishwa hadi 33, sasa watafika 35. Bungeni meza zikagongwa.

Dakika tano hazijaisha, simu yangu ikaanza kuita ujumbe. Magrupu yote. "Mama anaupiga mwingi." "Serikali sikivu." Chawa walikuwa wameshatengeneza mabango yenye picha na tarakimu 40 kubwa kama namba ya jezi. Na kinachoniuma zaidi, hata kwenye magrupu yetu sisi, vijana wa upinzani, kuna waliosema angalau, tukubali, wameongeza.

Mwalimu hakusema kitu. Akaingia ndani, akatoka na daftari la kurasa zenye vijisanduku, lile la hesabu, na peni. Akaniuliza swali moja: "Mwanangu, wewe si unasomea sheria? Hebu nionyeshe hii moja chini ya mia tano themanini iko kifungu gani."

Nilijibu kwa kujiamini kwamba nitamtafutia. Nimeitafuta. Makala hii ni majibu yake, na ni majibu yenu ninyi mlioshangilia.

Tuanze na hesabu, maana Mwalimu alifundisha hesabu darasa la saba kwa miaka mingi na hakubali mtu aanze na siasa.

Mtumishi wa umma aliyekuwa PSPF au LAPF, kabla ya mabadiliko, mafao yake yalipigwa hivi. Unachukua miezi aliyofanya kazi, unagawa kwa 540, unazidisha kwa mshahara wake wa mwaka. Hiyo ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Nusu yake inazidishwa kwa 15.5, anapewa kwa mkupuo. Nusu nyingine inagawanywa kwa miezi 12, anapewa kila mwezi mpaka anakufa. Kuanzia Julai 1, 2022, namba zote zilibadilika. Siyo moja, ZOTE. 540 ikawa 580. 15.5 ikawa 12.5. Nusu ikawa asilimia 33. Na mshahara unaotumika ukawa wastani wa miaka mitatu bora ndani ya kumi ya mwisho.

Tuchukue mwalimu wa mfano. Mshahara 1,200,000 kwa mwezi, miaka 34 kazini, yaani miezi 408. (Huo siyo mshahara wa jirani yangu, msianze kumpigia mahesabu ya sukari.) Nitajifanya hata sijaona hiyo habari ya wastani, nitumie mshahara uleule pande zote mbili, Serikali isije ikasema nimewaonea.

Kikokotoo cha zamani: mkupuo shilingi 84,320,000. Pensheni ya mwezi shilingi 453,333.

Kikokotoo cha Julai 2022: mkupuo shilingi 41,784,827. Pensheni ya mwezi shilingi 565,572.

Mkupuo umekatika katikati. Hapo ndipo Serikali inakwambia tulia, hatujakupunguzia, tumehamisha tu kutoka mkupuo kwenda kwenye pensheni ya mwezi, zamani ulikuwa unapata 50 kwa mwezi sasa unapata 67. Maneno haya yamerudiwa sana kwenye semina za wastaafu watarajiwa, kwenye redio, kila mahali, mpaka watu wenye digrii zao wanayarudia. Mimi mwenyewe niliyaamini mwaka mzima.

Kama ingekuwa ni kuhamisha tu, ungeacha 540 na 15.5 mahali pake, ukabadilisha mgawanyo peke yake. Mwalimu wetu wa mfano angepata mkupuo wa 55,651,200 na 607,466 kila mwezi. Sasa linganisha na kile alichopewa na kikokotoo cha Julai 2022: 41,784,827 na 565,572. Mkupuo umepungua NA pensheni ya mwezi imepungua. Kuna pesa haikuhamishwa popote. Imetoweka kwenye ile 580 na ile 12.5, namba mbili ambazo hazikai kwenye bango wala hazipigiwi makofi.

Mwalimu aliandika hesabu nyingine chini yake. Alipoteza nini na anapata nini? Kwa asilimia 33, anapoteza mkupuo wa 42,535,173, anaongezewa 112,239 kwa mwezi. Gawanya. Inachukua miezi 379 kuirudisha, miaka 31 na ushei. Umestaafu na miaka 60, utakuwa umelipwa chako ukiwa na miaka 91.

Sasa weka hiyo asilimia 40 ya bajeti. Mkupuo unakuwa 50,648,275, na kwa sababu 40 imetoka, kwa mwezi inabaki 60, yaani 506,482. Ukilinganisha na zamani, mkupuo bado una pengo la 33,671,725, na nyongeza ya mwezi ni 53,149 tu. Gawanya tena. Miezi 633. Miaka 52 na miezi tisa.

Sitini jumlisha hamsini na mbili. Mwalimu alicheka mpaka akakohoa. Alisema, "Basi nikifika mia na kumi na mbili ndiyo tutakuwa tumelingana."

Na ile 12.5, kwa lugha wanayoitumia wenyewe wakielezea kikokotoo, ni makadirio ya miaka ambayo mstaafu ataishi baada ya kustaafu. Yaani fomula hiyohiyo inakadiria utakufa na miaka 72 na nusu, halafu inakuahidi utafidiwa ukiwa na 112. Sijui aliyeandika alikuwa anatania nani.

Mtaniambia nimechagua mfano wa kundi la 50 peke yake. Kweli. Waliokuwa kundi la 25, wengi wao wa sekta binafsi kule NSSF, mkupuo wao umepanda, na siwanyimi furaha yao. Lakini tangu lini haki ya mtu mmoja inapandishwa kwa kushusha ya mwenzake, halafu tunaitwa kupiga makofi kwa wastani?

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, maana kuna wadogo zetu walikuwa form two wakati haya yanaanza.

Januari 2018 Bunge lilipitisha Sheria ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma. PSPF, LAPF, PPF na GEPF zikaunganishwa zikawa PSSSF, NSSF ikaachiwa sekta binafsi. Baadaye mwaka huohuo zikatoka kanuni: mkupuo asilimia 25 kwa wote. Nchi ikachafuka. Na tukumbuke ilikuwa 2018, wakati ambao mtu akiandika kitu mtandaoni anaangalia nyuma mara tatu. Lakini kelele zilipigwa, staff room kwa staff room, wodi kwa wodi, mpaka Desemba 28, 2018 Rais Magufuli akakutana na viongozi wa vyama vya wafanyakazi Ikulu, akaamuru mifuko irudi kwenye vikokotoo vyake vya zamani kwa kipindi cha mpito hadi 2023.

Hadi 2023. Isome tena. Watu walipanga maisha yao kwa neno hilo. Jirani yangu alikuwa anajua tarehe yake ya kutimiza miaka 60 ni Agosti 2022, yaani ndani ya kipindi cha mpito. Alishajenga boma lake hapo juu karibu na kwetu, limefika kwenye lenta, kapiga hesabu ya mbao na mabati, kapanga kibanda cha vifaa vya shule mbele. Halafu kikokotoo kipya kikaanza Julai 1, 2022. Mwenzake wa staff room moja, ngazi moja ya mshahara, waliyeajiriwa naye pamoja, alizaliwa miezi mitatu kabla yake. Alistaafu Mei. Huyo alipata nusu yake.

Leo ukipita pale unaziona nyumba zote mbili. Moja ina mabati ya bluu. Nyingine mipapai imeota sebuleni.

Tofauti yao siyo bidii, siyo nidhamu ya matumizi, siyo elimu ya fedha. Ni miezi mitatu ya kuzaliwa.

Hapa lazima nijibu ile hoja inayonikera kuliko zote: kwamba wastaafu wakipewa hela nyingi wanatapanya, wanaoa vibinti, wananunua magari mabovu, wanakufa kwa presha ndani ya miaka miwili, kwa hiyo Serikali inawasaidia kwa kuwapa kidogokidogo. Mmeisikia. Labda hata nyumbani kwenu imesemwa mezani. Watu hawahawa walikabidhiwa watoto wetu darasa lenye watoto zaidi ya mia, wakasimamia mitihani ya taifa, wakahesabu kura kwenye chaguzi. Wakafaa kwa yote. Wakifika miaka 60 ghafla ni watoto, hawajui kushika hela? Na mbunge je? Bunge likivunjwa, mbunge aliyekaa miaka mitano analipwa kiinua mgongo chake chote kwa mkupuo. Hakuna anayemuuliza ataoa nani.

Tena nenda kasome Sheria ya Mafao ya Viongozi wa Kisiasa ya mwaka 1999. Mafao ya hao wakubwa yamewekwa kwenye Sheria yenyewe, iliyotungwa na Bunge. Hapo ndipo ninaporudi kwenye swali la Mwalimu.

Nimeisoma Sheria ya PSSSF mwanzo mpaka mwisho, siku mbili, nikiwa maktaba na chai ya tangawizi kwenye chupa. Ile moja chini ya 580 haimo kama kifungu. Wala 12.5. Wala 33. Kikokotoo kiko kwenye kanuni, na kanuni anasaini Waziri. Wa 2018 zilitoka chini ya Waziri mwenye dhamana ya kazi wakati ule, Jenista Mhagama. Za 2022 chini ya Profesa Joyce Ndalichako. Hazikupigiwa kura. Mbunge wako wa jimbo hakuwahi kusimama kusema ndiyo wala siyo juu ya 580. Jasho la miaka 34 ya mtu linakatwa nusu kwa tangazo kwenye Gazeti la Serikali.

Na siyo kwamba Bunge halina meno. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inataka kanuni ziwasilishwe Bungeni baada ya kutangazwa, na Bunge likitaka linaweza kuzitengua kwa azimio. Kuna mpaka Kamati ya Sheria Ndogo kwa kazi hiyohiyo. Wabunge, wakiwemo wa CCM, wamesimama wakalalamika kuhusu kikokotoo kwa sauti ya kusikitisha, klipu zikasambaa, wakasifiwa. Sijaona aliyepeleka azimio. Kulia bungeni ni rahisi, mshahara unaingia ukilia na usipolia.

Halafu mtu ananiambia, si mwende mahakamani, ninyi wanasheria. Sawa. Ibara ya 11 ya Katiba inasema mamlaka ya nchi itaweka utaratibu wa mtu kusaidiwa wakati wa uzee, maradhi na ulemavu. Unafurahi, unafungua ukurasa wa nyuma, Ibara ya 7(2) inakwambia masharti ya sehemu hiyo hayatekelezwi na mahakama yoyote. Ni ahadi isiyodaiwa. Ukitaka kupita mlango mwingine, Ibara ya 24 ya haki ya kumiliki mali, ukasema pensheni ni mali yangu niliyokwisha kuichuma, inabidi upite kwenye ile Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu Muhimu. Na hiyo mwaka 2020 ilirekebishwa: mlalamikaji akatakiwa kuapa jinsi yeye binafsi alivyoathirika. Kwa masharti hayo ya 2020, siyo mimi mwanafunzi wa kutoka Visiga, siyo taasisi ya haki za binadamu. Ni Mwalimu mwenyewe, mwenye presha na boma lisiloezekwa, ndiye aende akasimame dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Mimi bado naamini hoja ya mali inasimama. Anayeweza kuibeba ni mstaafu, na sisi kazi yetu ni kumbebea mkoba na nauli.

Wengine wanauliza kwa nini walimu hawakugoma. Waliwahi. Julai 30, 2012 walimu waligoma nchi nzima, na siku chache tu baadaye Mahakama Kuu Kitengo cha Kazi ikasema mgomo ni batili, warudi. Mwalimu wangu alikuwepo. Anasema kilichomuuma hata siyo hukumu, ni kurudi darasani kesho yake na watoto wanamtazama.

Kuhusu vyama vya wafanyakazi sitaki kusema mengi. Kwenye hiyo asilimia 33 walikaa mezani wakakubali, halafu Mei Mosi zilizofuata wakaja na mabango ya kulalamikia kitu walichokikubali. Makato ya uanachama hayajawahi kukosea tarehe.

Hoja moja ya Serikali ni ya kweli na nitaitendea haki: mifuko ilikuwa na hali mbaya, hasa PSPF. Ungeendelea na nusu kwa kila mtu, ingefika siku hakuna cha kulipa. Sawa kabisa. Ila nani aliikausha? PSPF ilianza Julai 1999. Watumishi walioajiriwa kabla ya hapo hawakuwa wanachangia, Serikali ilisema itabeba sehemu yao. Wakastaafu, mfuko ukawalipa kutoka kwenye michango ya wengine, na Serikali haikurudisha. Deni likawa la matrilioni. Mwishoni mwa 2021 ndiyo ikatoa hatifungani ya takriban trilioni 2.17 kwa PSSSF, tena siyo fedha taslimu, ni karatasi ya ahadi. Ongeza miradi ambayo mifuko iliambiwa ikopeshe: Chuo Kikuu cha Dodoma kilijengwa kwa fedha za mifuko ya hifadhi ya jamii. Ni chuo kizuri, nina marafiki wanasoma pale, wengine wanasoma makala hii. Lakini mabweni wanayolala ni pensheni ya mtu. NSSF nao walikuwa na yale maghorofa ya Dege kule Kigamboni yaliyosimama miaka, ukipita uliona madirisha matupu yanatazama bahari.

Kwa hiyo mkopaji mkubwa wa mfuko alichelewa kulipa, mfuko ukayumba, na dawa ikawa kumpunguzia aliyekatwa kila mwezi bila kuchelewa hata mara moja. Mtumishi anakatwa asilimia 5, mwajiri anaweka 15. Hiyo 15 nayo siyo hisani ya Serikali, ni mshahara ambao umecheleweshwa kulipwa mpaka uzeeni. Kuipunguza baada ya mtu kumaliza kazi ni sawa na kumlipa kibarua nusu jioni kwa sababu bosi alitumia hela mchana.

Na msisahau Julai 2022 ilikuja na kitu kingine. Mei ya mwaka huo ilitangazwa nyongeza ya kima cha chini ya asilimia 23.3. Tulisikia 23.3, tukashangilia 23.3. Ilipofika mwisho wa Julai watu wakafungua hati zao za mshahara, wa ngazi za juu ya kima cha chini wakakuta vielfu ishirini na kitu. Mama yangu ni muuguzi. Nakumbuka alivyoishika simu mbali na macho, akaileta karibu, akaipeleka mbali tena, akadhani ni miwani. Mwezi huohuo zikaja tozo kwenye miamala ya benki. Mwezi mmoja: nyongeza isiyoonekana, tozo inayoonekana, kikokotoo kinachoonekana miaka mingi baadaye. Zile tozo watu walizipigia kelele Agosti nzima, na Septemba Serikali ikazilegeza. Kikokotoo kikapita katikati ya kelele hizo kama mtu anayepita nyuma ya msiba kwenda kuiba kuku.

Ndiyo maana mwenye kadi ya benki ya mstaafu siku hizi siyo mstaafu. Hapa kwetu, kuanzia Kongowe mpaka Mlandizi, uliza kausha damu. Walimu bado wako kazini wanaacha kadi na namba ya siri kwa mkopeshaji kwa sababu wanakopa dhidi ya mkupuo wa zamani, ule wa nusu, ambao walishaupigia hesabu ya ada na nyumba. Madeni yalikadiriwa kwa 84, hela ikaja 41. Nani anabaki na nyumba hapo? Mnajua.

Sasa sisi. Januari 24, 2024 tuliandamana Dar es Salaam, mimi nilikuwepo, nilitembea mpaka raba ikafunguka. Miswada ya uchaguzi ilikuwa kwenye mabango, hali ngumu ya maisha ilikuwa kwenye mabango. Sikuona bango hata moja limeandikwa 1/580. Nawalaumu na najilaumu, maana nami niliandika "maisha magumu" kwa maka pen nikadhani nimemaliza kazi. Maisha magumu hata CCM wanakubali ni magumu. Ukisema 580, inabidi ajibu.

Mliona wenzetu Kenya Juni 2024. Watu wanazungumzia mabomu ya machozi na Bunge kuvamiwa Juni 25, na vijana waliouawa, Mungu awapumzishe. Kabla ya mabomu kulikuwa na kusoma. Walichukua muswada wa fedha wakausoma kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakarekodi video fupi za kumweleza mama muuza mboga kodi hii inakugusa hapa. Rais Ruto alipokataa kuusaini Juni 26, alikuwa anashindana na watu waliousoma kuliko wabunge wake. Huku kwetu, bajeti imesomwa Alhamisi, Ijumaa treni ya SGR ikaanza safari Dar kwenda Morogoro, mtandao mzima ukahamia kupiga selfi dirishani. Nami nilitaka kupanda, sikatai.

Ninachodai kiko wazi, na nataka kiingie kwenye maazimio ya vijana wa chama. Kikokotoo kitoke kwenye kanuni kiingie kwenye Sheria, kwenye jedwali, kipigiwe kura na wabunge kwa majina yao. Waliokuwa kazini kabla ya Agosti 2018 walipwe kwa masharti waliyoajiriwa nayo, 540 na 15.5, wale wapya ndiyo mjadiliane nao. Serikali ilipe deni la kabla ya 1999 kwa fedha, siyo kwa karatasi. Na mpaka hapo, mtu wa upinzani asinitumie bango la asilimia 40.

Jumamosi hii kuanzia saa nne asubuhi nitakuwa kituoni Visiga, upande wa kwenda Mlandizi, chini ya ule mti wanapokaa bodaboda. Nitakuwa na kalkuleta, na Mwalimu atakuwepo na daftari lake. Mlete mzazi wako aliye mtumishi, aje na hati ya mshahara na barua ya ajira yenye tarehe. Hatuchukui namba za simu, hatuandiki majina. Tutampigia hesabu zote tatu, ya zamani, ya 33 na ya 40, aondoke na karatasi yake mkononi.